Ukubwa kama Jibu la Umbali: Meli ya Great Eastern na Hesabu ya Makaa ya Mawe, 1852–1890

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Great Eastern, meli ya mvuke iliyojengwa kando ya mto Thames, London, kuanzia mwaka 1854, ambayo haikupitwa kwa urefu na meli nyingine yoyote hadi mwaka 1899. Waandishi wengi wameieleza kama mfano wa tamaa ya wahandisi wa zama za Malkia Victoria: chombo kikubwa kupita kiasi, kilichowafilisi wenyewe na kumwua mbunifu wake. Makala yanadai kwamba maelezo hayo yanaficha swali la msingi. Ukubwa wa Great Eastern ulikuwa jibu la kihandisi kwa tatizo mahsusi, yaani ukosefu wa makaa ya mawe katika safari ndefu za kwenda Mashariki. Tatizo hilo lilikuwa na jibu jingine: mnyororo wa vituo vidogo vya makaa, mfereji na injini zenye kutumia makaa machache. Jibu la pili ndilo lililoshinda, na Great Eastern yenyewe ikaishia kuutumikia mnyororo huo kwa kutandaza kebo ya simu kati ya Bombay na Aden mwaka 1870. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha maana ya ushindi huo kwa mwambao wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tarehe 3 Novemba 1857, maelfu ya watu walikusanyika Millwall, katika rasi ya Isle of Dogs jijini London, ili kuona meli kubwa kuliko zote duniani ikishuliwa. Kampuni yenye meli ilikuwa imeuza tiketi kwa watazamaji, jambo ambalo mhandisi mkuu, Isambard Kingdom Brunel, hakulipenda, kwa sababu kazi iliyokuwa mbele yake ilihitaji utulivu. Meli ilisogea kidogo tu. Mtapo wa mashine ya kuzuia minyororo ulizunguka ghafla, ukawapiga wafanyakazi waliokuwa wameushika, na angalau mmoja wao akafa. Kazi ikasimamishwa. Meli haikuelea hadi tarehe 31 Januari 1858, takriban miezi mitatu baadaye.

Tukio hilo limekuwa mlango wa kuingilia wa karibu kila simulizi kuhusu Great Eastern, na mlango huo humfikisha msomaji kwenye hitimisho lililoandaliwa mapema: kwamba meli ilikuwa kubwa mno, na kwamba yaliyofuata yalikuwa malipo ya ukubwa huo. Mjadala wa wanahistoria umejikita zaidi katika kutafuta wa kulaumiwa. L.T.C. Rolt, katika wasifu wa Brunel uliochapishwa mwaka 1957, alimtwisha lawama nzito mjenzi wa meli, John Scott Russell. George S. Emmerson, aliyeandika wasifu wa Russell mwaka 1977, alimtetea, akionyesha kwamba Russell alikuwa mwanasayansi wa meli mwenye mchango wake mwenyewe, na kwamba naye alibebeshwa mkataba usiobebeka.

Mjadala huo una thamani, lakini unaligeuza suala la kihistoria kuwa kesi baina ya watu wawili. Makala haya yanaanzia mahali pengine. Yanauliza: ukubwa wa meli hii ulikusudiwa kutatua nini? Je, tatizo hilo lilitatuliwaje hatimaye, na Great Eastern ilishiriki vipi katika utatuzi huo? Maswali haya yanatuondoa gatini Millwall na kutupeleka katika njia za Bahari ya Hindi, ambako ndiko meli ilikokusudiwa kwenda.

2.0 Hesabu ya makaa

Meli ya mvuke ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilikuwa na mzigo ambao jahazi halikuujua: ilibeba chakula chake yenyewe. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo makaa yalivyochukua nafasi zaidi katika ngama na kuacha nafasi ndogo kwa shehena na abiria. Wataalamu kadhaa waliamini kwamba upo mpaka wa umbali ambao mvuke hauwezi kuuvuka kwa faida. Mwaka 1836, mwanasayansi Dionysius Lardner aliitilia shaka safari ya moja kwa moja ya meli ya mvuke kutoka Uingereza hadi New York.

Brunel, aliyezaliwa Portsmouth mwaka 1806, alilitazama tatizo kwa jicho la hesabu. Chombo kikiongezwa vipimo vyake vyote mara mbili, nafasi ya ndani huongezeka mara nane. Lakini eneo la ubavu linalosuguana na maji huongezeka mara nne tu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu za injini hutumika kuushinda ukinzani wa maji, meli kubwa huhitaji makaa machache zaidi kwa kila tani inayoibeba. Kwa hiyo mpaka uliosemwa na wataalamu haukuwa mpaka wa mvuke. Ulikuwa mpaka wa meli ndogo.

Hoja hiyo ilithibitishwa mwaka 1838. Great Western, meli ya kwanza ya Brunel, ilifika New York tarehe 23 Aprili, baada ya siku 15 baharini, ikiwa na akiba ya takriban tani 200 za makaa. Sirius, meli ndogo iliyoitangulia kwa saa chache na iliyokuwa imeondoka siku kadhaa kabla yake, ilifika ikiwa karibu kuishiwa. Mwaka 1843 ilifuata Great Britain, yenye kiunzi cha chuma na inayoendeshwa kwa rafadha badala ya magurudumu ya makasia. Hatua mbili hizo ziliandaa ya tatu.

Mwaka 1852 Brunel alianza kuchora meli ya kwenda Mashariki. Ugunduzi wa dhahabu huko Australia mwaka 1851 ulikuwa umeongeza idadi ya wasafiri, na njia ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema haikuwa na makaa isipokuwa yale yaliyopelekwa huko kwa meli kutoka Uingereza, kwa gharama kubwa. Brunel alipendekeza meli itakayobeba makaa yake yote ya kwenda na, ikiwezekana, ya kurudi. Isingehitaji kituo chochote njiani. Pendekezo hilo lilipokewa na Kampuni ya Eastern Steam Navigation, iliyoanzishwa mwaka 1851 na ambayo ilikuwa imeikosa zabuni ya kupeleka barua Mashariki; zabuni hiyo ilikwenda kwa P&O. Jambo hili la zabuni linastahili kuzingatiwa. Kampuni iliyoukubali mradi ilikuwa imekwisha kushindwa katika njia yenye vituo, na ilitafuta namna ya kuviruka.

3.0 Ujenzi: chuma, fedha na watu

Mkataba wa kujenga kiunzi na injini za magurudumu ulitiwa saini na Scott Russell mwezi Desemba 1853. Gharama ya jumla, pamoja na injini ya rafadha iliyotengenezwa na kampuni ya James Watt, ilikadiriwa kuwa pauni 377,200. Vipimo vilivyokubaliwa havikuwa na mfano: urefu wa mita 211, upana wa mita 25, au takriban mita 36 ukijumlisha vifuniko vya magurudumu. Uzito wa maji yaliyosukumwa na meli ikiwa imejaa ulikadiriwa kufikia tani 32,000. Ilikusudiwa kubeba abiria 4,000. Kila gurudumu la kasia lilikuwa na kipenyo cha mita 17, na rafadha mita 7.3. Juu ya sitaha zilisimama dohani tano na milingoti sita.

Kihandisi, uvumbuzi mkubwa ulifichika ndani ya ukubwa huo. Meli ilikuwa na ngozi mbili za bamba za chuma hadi juu ya mstari wa maji, zikitenganishwa na nafasi ya chini kidogo ya mita moja. Ngama iligawanywa kwa viambaza visivyopenyeza maji, vya kukata upana na vya kufuata urefu, hivi kwamba kiunzi kizima kilifanya kazi kama boriti ya daraja lenye mashimo ya ndani. Brunel alikuwa mjenzi wa madaraja na reli, na aliihesabu meli kama mjenzi wa madaraja anavyohesabu: itakuwaje ikibebwa na wimbi moja katikati, na itakuwaje ikibebwa na mawimbi mawili kwenye ncha zake, omo na tezi?

Kazi yenyewe ilifanywa kwa mikono. Takriban bamba 30,000 ziliunganishwa kwa ribiti zipatazo milioni tatu. Ribiti ilipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikarushwa, ikapachikwa tunduni, kisha mafundi wawili wakaigonga kwa nje huku mwenzao akiikingama kwa ndani. Wavulana walihudumu katika vikundi hivyo, kwa kuwa mwili mdogo ulipita kwa urahisi katika nafasi iliyo kati ya ngozi mbili za meli. Baadaye yalizuka masimulizi kwamba fundi mmoja na mtoto wake wa kazi walizibiwa humo wakiwa hai, na kwamba mifupa yao ilionekana meli ilipovunjwa. Hayana ushahidi wa kuaminika. Hata hivyo, kudumu kwake kwa zaidi ya karne kunaonyesha kwamba watu wa kawaida waliisoma meli hii kwa namna yao: nyuma ya majina mawili yaliyogombaniwa na waandishi wa wasifu, walijua kuna wengi wasio na majina.

Fedha zilikwisha kabla ya kazi. Mapema mwaka 1856 shughuli za Russell zilianguka kwa madeni na ujenzi ukasimama kwa miezi. Kisha likaja suala la kuishua meli. Kwa kuwa mto Thames ni mwembamba mahali pale, meli ndefu kiasi hicho isingeweza kuingizwa majini kwa tezi kama ilivyo desturi, kwani ingegonga ukingo wa pili. Ililazimika kushuliwa ubavu kwa ubavu. Baada ya kushindwa siku ya kwanza, Brunel alikusanya mitambo ya kusukuma kwa nguvu ya maji kutoka pande zote za nchi, ikiwamo ile ya ndugu Tangye wa Birmingham, ambao biashara yao ilipata sifa kutokana na kazi hiyo. Gharama za kushua pekee zilifikia pauni 120,000 kwa makadirio ya kawaida. Kampuni haikuweza kuendelea. Meli ikauzwa kwa kampuni mpya kwa pauni 160,000, chini ya nusu ya makadirio ya mwanzo.

4.0 Meli isiyo na njia yake

Tarehe 5 Septemba 1859 Brunel alianguka kwa kiharusi akiwa sitahani. Siku nne baadaye, meli ikiwa safarini mbele ya pwani ya Hastings, koti la kupashia maji lililozunguka dohani moja ya mbele lilipasuka kwa sababu vali iliyopaswa kuachia mvuke ilikuwa imefungwa. Wachochea moto watano walikufa. Ukumbi mkuu uliharibika vibaya, lakini viambaza vilizuia madhara yasienee, na meli ikaendelea na safari. Brunel alipewa habari akiwa kitandani, akafariki tarehe 15 Septemba.

Wamiliki wapya walifanya uamuzi ambao, kwa maoni ya makala haya, ulikuwa mzito kuliko ajali zote. Kwa kukosa mtaji wa kuipeleka meli Mashariki, waliielekeza Atlantiki. Safari ya kwanza, tarehe 17 Juni 1860, ilikwenda New York ikiwa na abiria wa kulipa 35 tu. Katika njia hiyo, sifa kuu ya meli haikuwa na kazi. Atlantiki ya kaskazini ilikuwa safari ya siku kumi hivi, yenye makaa tele pande zote mbili, na wasafiri wake walitafuta kasi na ratiba ya uhakika. Great Eastern ilikuwa imebuniwa kwa ustahimilivu, ikapelekwa kushindana kwa mbio.

Kama chombo, ilijithibitisha tena na tena. Mwaka 1861 ilipeleka Quebec askari zaidi ya 2,000 pamoja na familia zao. Septemba mwaka huohuo dhoruba iling'oa magurudumu yake na kuharibu usukani, lakini ilirudi Ireland ikielea. Tarehe 27 Agosti 1862, karibu na Montauk huko Long Island, ilipita juu ya mwamba usiokuwamo katika ramani. Ngozi ya nje ilipasuka kwa urefu wa takriban mita 25 na upana wa karibu mita tatu. Ngozi ya ndani haikuguswa, na meli ikafika New York kwa nguvu zake yenyewe. Hapakuwa na chelezo duniani cha kuipokea, hivyo kiraka kiliwekwa ikiwa majini, ndani ya sanduku kubwa la mbao lililobanwa ubavuni na kutolewa maji.

Ajali hiyo inajumlisha hali nzima ya meli hii. Muundo uliokoa kila aliyekuwamo, lakini gharama ya matengenezo ilimaliza mapato. Vilevile inadokeza udhaifu wa hesabu ya Brunel yenyewe. Meli inayokusudia kutotegemea vituo bado inahitaji bandari yenye kina, gati refu na chelezo cha kutosha, na hivyo vyote havikuwapo. Mwaka 1864 ilipigwa mnada kwa pauni 25,000.

5.0 Jibu jingine

Wakati Great Eastern ikihangaika Atlantiki, tatizo la makaa lilikuwa likitatuliwa kwa njia tofauti kabisa. Uingereza ilikuwa imeitwaa Aden mwezi Januari 1839, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa haja ya kituo cha makaa kati ya Suez na Bombay. Makaa yaliletwa huko kutoka Uingereza, yakarundikwa ufukweni, na meli za kawaida zikapita kujaza. Abiria wa P&O waliteremka Alexandria, wakavuka Misri kwa nchi kavu, tangu 1858 kwa reli mpaka Suez, kisha wakapanda meli nyingine. Mpango huo ulikuwa na usumbufu mwingi, lakini kila kipande chake kilikuwa kidogo na kiliweza kurekebishwa bila kuuvunja mpango mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Mabadiliko mawili ya miaka ya 1860 yaliongeza nguvu ya njia hiyo. La kwanza ni injini ambamo mvuke uleule hufanya kazi mara mbili, katika silinda ya shinikizo kubwa na kisha ya shinikizo dogo. Mwaka 1866 Agamemnon, meli ya Alfred Holt wa Liverpool yenye tani zisizofikia 2,500, ilikwenda moja kwa moja hadi Mauritius bila kuongeza makaa, umbali wa takriban maili 8,500. Kile ambacho Brunel alikitafuta kwa kuongeza nafasi ya makaa, Holt alikipata kwa kupunguza matumizi yake. La pili ni Mfereji wa Suez, uliofunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Mfereji ulifupisha njia kwa maelfu ya maili, na wakati huohuo ulikuwa na kina na upana ambao Great Eastern, pamoja na magurudumu yake, isingeweza kupita.

Ni muhimu kutosoma historia hii kinyumenyume. Mwaka 1852 hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mfereji ungechimbwa, wala kwamba injini mpya zingestahimili safari ndefu. Kwa taarifa zilizokuwapo, hesabu ya Brunel ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kuweka mtaji wote katika chombo kimoja kilichohitaji miaka sita kukamilika, ilhali hali iliyokihitaji ingeweza kubadilika ndani ya miaka hiyohiyo. Mnyororo wa vituo ungeweza kuongezewa pete au kupunguziwa, lakini meli iliyokwisha kupigwa ribiti haikuwa na nafasi ya marekebisho.

6.0 Kazi isiyokusudiwa

Kundi lililoinunua meli mwaka 1864, likiongozwa na Daniel Gooch, liliikodisha kwa kazi ambayo Brunel hakuibuni. Kebo ya telegrafu iliyotandazwa chini ya Atlantiki mwaka 1858 ilikuwa imebebwa nusu kwa nusu na meli mbili zilizokutana katikati ya bahari, na ilinyamaza baada ya wiki chache. Kebo mpya ilikuwa nene na nzito zaidi. Hapakuwa na meli nyingine iliyoweza kuibeba nzima pamoja na makaa ya safari yote.

Jaribio la 1865 lilishindwa: tarehe 2 Agosti kebo ilikatika na kuzama baada ya sehemu kubwa ya njia kutandazwa. Mwaka uliofuata, chini ya nahodha James Anderson, meli ilifika Heart's Content, Newfoundland, tarehe 27 Julai 1866 ikiwa na kebo inayofanya kazi. Kisha ilirudi katikati ya bahari, ikainasa ile iliyozama kwa ndoana kutoka kina cha kilomita kadhaa, ikaiunganisha na kuikamilisha mwezi Septemba. Ujumbe wa maneno 20 ulitozwa pauni 20 mwanzoni, bei iliyoonyesha wazi kwamba chombo hiki kilikuwa cha serikali na wafanyabiashara wakubwa. Meli iliendelea kutandaza kebo nyingine za Atlantiki mwaka 1869, 1873 na 1874, hadi zilipojengwa meli maalumu za kazi hiyo.

Nafasi kubwa ya ngama, nguvu ya muundo na uwezo wa kukaa baharini muda mrefu, sifa zilizokosa wateja miongoni mwa abiria, ndizo zilizofaulisha kazi hii. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba meli ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa kubwa mno kwa soko la abiria la Atlantiki, na ya kiasi kinachofaa kwa shehena moja ambayo haikuweza kukatwa vipande.

7.0 Bombay, Aden na mwambao

Novemba 1869, mwezi uleule mfereji ulipofunguliwa, Great Eastern iliondoka Uingereza kuelekea Bombay. Kwa kuwa haikuweza kupita Suez, ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ndiyo njia iliyobuniwa kwa ajili yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuipita. Ngamani mlikuwa na kebo badala ya wahamiaji. Ilifika Bombay Januari 1870, na mwezi Februari ikatandaza kebo kuelekea Aden. Kufikia Juni 1870 London na Bombay ziliunganishwa kwa njia ya chini ya bahari.

Maana ya kihistoria ya safari hiyo haijapewa uzito unaostahili. Meli iliyobuniwa ili kuifanya Aden isihitajike ndiyo iliyoifanya Aden kuwa kitovu cha mawasiliano. Kuanzia hapo, kituo cha makaa kilikuwa pia kituo cha habari: mwenye meli aliweza kujua bei, kuagiza shehena na kuelekeza chombo chake kikiwa safarini. Mnyororo wa vituo ulipata mshipa wa fahamu.

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki, matokeo yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1872, wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said, Kampuni ya British India ilianzisha huduma ya barua ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Tangu hapo habari za Zanzibar zilikwenda kwa meli hadi Aden, kisha kwa waya hadi London. Mwaka 1879 kebo ilitandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea Msumbiji na Afrika ya Kusini. Great Eastern haikuhusika na kazi hiyo. Wakati huo ilikuwa imefungwa gatini Milford Haven. Lakini kebo ya Zanzibar iling'ang'ania Aden, na Aden ilikuwa imeunganishwa na Bombay kwa waya uliotoka katika ngama yake. Biashara ya karafuu na pembe, pamoja na diplomasia iliyotangulia kugawanywa kwa milki ya Sultani, vilipita katika njia hiyo.

Hapa ndipo tofauti ya majibu mawili inapoonekana wazi kwa mtafiti wa eneo letu. Kama hesabu ya Brunel ingefaulu kibiashara, meli kubwa chache zingepita mbali baharini, kutoka Uingereza hadi India na Australia, bila haja ya kutia nanga kati. Jibu lililoshinda lilihitaji bandari, marundo ya makaa, makarani, wapagazi na mikataba ya kisiasa kila baada ya siku chache za safari. Mnyororo wa vituo ulikuwa mfumo wa usafiri, na pia ulikuwa mfumo wa kutwaa na kusimamia mahali.

8.0 Hitimisho

Great Eastern iliuzwa tena mwaka 1885, ikatumika mjini Liverpool kama tangazo la biashara linaloelea, kisha ikauzwa kwa wavunjaji. Kuivunja katika mto Mersey kulichukua mwaka 1889 na sehemu ya 1890, kwa sababu ribiti za Millwall zilikataa kuachia. Mlingoti wake mmoja ungali umesimama katika uwanja wa mpira wa Anfield. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na ni katika ngama, kati ya ngozi mbili za chuma, ambamo ubora wa meli hii ulidumu hadi siku ya mwisho.

Makala yameonyesha mambo matatu. Kwanza, ukubwa wa Great Eastern ulitokana na hesabu halali ya makaa na umbali, si majivuno matupu. Pili, hesabu hiyo haikuwahi kujaribiwa kibiashara katika njia yake, na kabla haijajaribiwa ilipitwa na mfereji, injini mpya na vituo. Tatu, meli ilichangia ushindi wa jibu lililoishinda, na kwa njia hiyo historia yake inaugusa mwambao wa Afrika Mashariki ingawa haikuwahi kuuhudumia.

Ugomvi wa Brunel na Russell umeandikwa vya kutosha. Wale walioubeba mnyororo wa vituo hawajaandikwa hivyo. Wapakia makaa wa Aden, wengi wao Wayemeni na Wasomali, na mabaharia wenye asili ya Afrika Mashariki walioitwa Masidi, waliochochea matanuri ya meli za Bahari ya Hindi, ndio waliolipa kwa migongo yao gharama ambayo Brunel alitaka kuiondoa kwa ukubwa. Makala yanapendekeza kwamba utafiti utakaofuata uanzie kwao, katika hati za bandari na katika kumbukumbu za familia za pwani ambako majina yao huenda yangali yanatajwa.